Kijiji Kilichopitiwa na Mipaka



Wengi wetu twakumbuka kuchora ramani ya Ulaya kwa penseli, na adhabu ya aliyekosea mpaka. Mimi Poland ilinishinda daima. Baadaye nilisoma habari za kijiji kimoja cha huko, nikaona kuwa mpaka huo umewashinda wengi zaidi ya watoto wa shule.

Kijiji chaitwa Kruszyniany. Kipo kaskazini-mashariki, katika mkoa wa Podlasie, kilometa chache tu kutoka Belarusi. Ni nchi ya misitu na baridi kali, nyumba za mbao kando ya barabara. Kati ya miti umesimama msikiti wa mbao, rangi ya kijani, wenye minara miwili. Kwa mbali ungedhani kanisa la shamba.

Uislamu ulifikaje huko? Kwa deni la mshahara! Watatari walikuwa wapanda farasi hodari katika majeshi ya Poland na Lithuania. Mwaka 1672 baadhi yao, wakilalamikia pamoja na mengine mishahara isiyolipwa, waliasi wakaenda upande wa Waturuki. Walipokubali kurudi, Mfalme Jan III Sobieski hakuwa na fedha. Mwaka 1679 akawalipa ardhi. Hapo Kruszyniany alipewa kamanda Samuel Murza Krzeczowski na askari wake. Kitatari walikisahau, dini hawakuisahau. Vitabu vyao vya dini waliviandika kwa Kipolandi na Kibelarusi, lakini kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa.

Kisha mipaka ikaanza kutembea. Mwaka 1795 Poland ilifutwa katika ramani, ikagawanywa na jirani zake watatu. Mtu aliyezaliwa Kruszyniany mwaka 1910 aliweza kutawaliwa na Warusi, Wajerumani, Wapolandi, Wasovieti, Wajerumani tena, na Wapolandi tena, bila kuhamisha kitanda chake.

Mstari wa mwaka 1945 ndio uliouma zaidi. Ulipita mashariki ya kijiji, na sehemu kubwa ya misikiti ya Watatari, pamoja na jamaa zao, ikabaki ng'ambo. Ya zamani iliyosalia Poland ni miwili tu, huu na ule wa Bohoniki. Vijana nao wakahamia mijini, kama Białystok, na leo familia za Kitatari kijijini ni chache sana.

Septemba 2021 wahamiaji wengi walipokuwa wakivuka kutoka Belarusi, serikali ilitangaza hali ya hatari mpakani. Wageni wakazuiwa kuingia, na kijiji hiki kinategemea wageni. Mwaka 2022 ukamalizika ukuta wa chuma wa kimo cha meta 5.5 na urefu wa kilometa 186 hivi.

Waliofia mpakani, baadhi yao wamelazwa katika makaburi ya Watatari huko Bohoniki. Novemba 2021 alizikwa kijana mmoja wa Syria. Waliomsalia walikuwa watu ambao hawakupata kumwona akiwa hai.