Mzee Ndani ya Mashine

Kitabu cha miaka hamsini iliyopita ukikiokota leo utakisoma kwa macho yako hayohayo. Gemu siyo hivyo. Bila mashine yake, gemu ni kipande cha plastiki tu.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994. Ilipokuja PlayStation 2, mwaka 2000, mafundi wa Sony waliichukua ile chipu iliyokuwa ubongo wa mashine ya zamani wakaiweka ndani ya mpya. Ukicheza gemu mpya, chipu hiyo ilishughulika na vijikazi kama vya padi. Ukitumbukiza diski ya zamani, mzee aliamka akafanya kazi yake ya ujana! Basi hakuna aliyelazimika kutupa gemu zake.

PlayStation 3 za mwanzo, mwaka 2006, nazo zilibeba chipu za PlayStation 2. Lakini bei ilikuwa kali mno. Ili kupunguza gharama, mwaka 2007 chipu zikaanza kung'olewa, na matoleo ya baadaye yakakataa kabisa diski za PlayStation 2. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ikakataa hata za 3.

Mwaka 2023, utafiti wa Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena.

Mimi ninayeota kuandika riwaya nashtuka. Jamani, hadithi za gemu nazo ziliandikwa na watu. Mashine ikiwasahau, nani atawasoma?