Mkataba wa KBS na Neno la Mzee

Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi lilitia saini mkataba na kampuni ya Kenya Bus Service. KBS ikapewa haki ya pekee ya kubeba abiria jijini, nalo Baraza likachukua robo ya hisa. Yaani aliyetakiwa kuisimamia kampuni ndiye aliyekula faida yake. Hapo ndipo mgogoro wote wa mabasi na matatu ulipoanzia, ingawa lawama kwa kawaida huangukia makanga wa matatu.

Wakati huo vikwazo vya mkoloni vya kuingia mjini vilikuwa vimekwisha. Watu walimiminika, mitaa kama Mathare na Kawangware ikapanuka, na basi halikufika kila mahali. Pengo hilo likazibwa na matatu: magari makuukuu yaliyobeba watu bila leseni ya uchukuzi. KBS ililalamika, polisi wakakamata, na kisheria walikuwa sahihi. Lakini mtu anayewahi kazini alfajiri atangoja mkataba umpitie kituoni?

Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatamka kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria wa nauli bila leseni hiyo, mradi zifuate kanuni za bima na za barabarani. Bunge halikupitisha sheria. Lilikuwa neno la Rais tu. Haki ya pekee ya KBS ikabaki jina. Kampuni iliendelea kufungwa na ratiba na njia zake, huku mshindani wake akijitokeza saa za abiria wengi na kwenda palipo na pesa. Tamko liliwafaa wananchi, sikatai, ila liliacha sekta nzima ikining'inia: si haramu tena, wala hakuna sheria iliyoitambua.

Ilichukua miaka 11 kuziba mwanya huo. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 1984 ndiyo yaliyoiingiza matatu katika sheria, na kuitaka ikaguliwe na iwe na leseni. Serikali nayo ikaingia biashara ya mabasi mwaka 1986 kwa Nyayo Bus, ambayo haikufika mbali. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach ya Uskoti ikainunua KBS; kufika 1998 ilikuwa imeuza na kuondoka.

Oktoba 2003 Waziri John Michuki akachapisha kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: abiria 14 kwa matatu, mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti, na wakazi wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Safari hii sheria haikuchagua kati ya matatu na basi: mabasi makubwa nayo yalitakiwa kufunga mikanda, na abiria wa kusimama, ambaye kwa miaka mingi alijaza hazina ya KBS jioni, akawa kosa la kufikishwa mahakamani.