Chupa ya 1888: Mvinyo Ulioongezwa Bado ni Ule Ule?

Ukimpelekea dalali wa mnada chupa ya mvinyo mwekundu wa Italia yenye miaka sabini, hataanza kwa kuuonja. Hawezi, akiifungua tu, biashara imekwisha. Ataiinua kwenye mwanga aangalie shingoni: mvinyo umeishia wapi? Ukiwa umeshuka sana, na bei inashuka.

Chanzo ni kizibo. Gome la mwaloni hupitisha hewa kidogo sana, na kioevu nacho hutoroka polepole kama mvuke. Hewa hiyo kidogo si adui. Tanini, yaani zile kemikali zinazokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na rangi ya zabibu, na nyingine huzama chini kuwa mashapo. Ndiyo maana mvinyo mkali hulainika na wekundu wake ukageuka rangi ya tofali. Lakini nafasi ya hewa ikipanuka mno, oksijeni huendelea na kazi mpaka ladha ya tunda inapotea kabisa.

Sasa twende Montalcino, katika mkoa wa Toscana. Huko, karne ya 19, Ferruccio Biondi Santi alitengeneza Brunello kwa zabibu za Sangiovese peke yake. Chupa chache za mavuno ya 1888 na 1891 zilibaki ghalani. Mwaka 1927 mwanawe, Tancredi, alizifungua, akazijaza tena na kuzitia vizibo vipya. Waitalia huita kazi hii ricolmatura. Alizijaza na nini? Mvinyo wa mwaka ule ule! Kwa hiyo chupa moja hutolewa kafara ili nyingine zipone.

Baadaye Franco, mwana wa Tancredi, aliwafungulia wateja mlango. Mteja alileta chupa yake ya Riserva, ikafunguliwa, ikaonjwa. Iliyoharibika haikuongezwa kitu. Iliyo nzima ilijazwa, ikazibwa upya, na mteja akapewa cheti.

Hapo ndipo wakusanyaji hugombana. Wapo wanaosema kizibo cha zamani ndicho shahidi, ukishakitoa umebaki na neno la mtu. Wengine wanaona afadhali mvinyo hai wenye cheti kuliko maiti yenye kizibo chake cha asili. Mimi niko na hawa wa pili, ila kazi ifanyike mbele ya mashahidi na iandikwe.

Je, sayansi haiwezi kuamua? Kiasi. Philippe Hubert, mwanafizikia wa Bordeaux, Ufaransa, alikuwa akiweka chupa mbele ya kigunduzi cha miale ya gamma bila kuifungua. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalisambaza seziamu-137 angani, ikashuka hadi kwenye mizabibu. Chupa inayodaiwa kuwa ya 1888 ikionyesha seziamu, basi ama ni ya uongo, ama kuna mtu kaiongeza mvinyo mpya.

Lakini tapeli akitumia mvinyo wa bei chee wa miaka ya 1930, kigunduzi kitanyamaza tu. Na Brunello ya 1955 je, ile ambayo mwaka 1999 jarida la Wine Spectator liliiweka kati ya mvinyo 12 bora wa karne? Ilivunwa majaribio yakiwa yameshaanza, kwa hiyo seziamu ndani yake si kosa. Kwa chupa hiyo, dalali anarudi kwenye karatasi: nani aliinunua, ilikaa ghala gani, iliongezwa lini na mbele ya nani.