Jinsi seli zinavyoamua rangi ya ngozi

Mfugaji wa Kiorma anayechunga ng'ombe karibu na Garsen na mkulima wa Kipokomo anayepalilia mpunga kando ya Mto Tana hushinda juani mchana kutwa. Mji huo wa Kaunti ya Tana River, ulio kwenye makutano ya barabara za Malindi, Hola na Lamu, uko digrii mbili na ushei tu kusini mwa Ikweta. Jua huko huwa kali karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, ngozi ya watu hao haiungui kwa urahisi. Kinga yao ni melanini, rangi ambayo mwili hujitengenezea kwa amri maalumu.

Melanini hutoka katika seli ziitwazo melanositi, zilizoko upande wa chini wa tabaka la nje la ngozi. Linalowashangaza wengi ni kuwa idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote, wawe weusi au weupe. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa.

Kazi huanza pale miale ya urujuanimno inapopenya ngozi na kudhuru chembechembe za urithi ndani ya seli. Seli zilizodhurika hutoa homoni, ambayo husafiri hadi kwenye melanositi zilizo jirani. Juu ya kila melanositi kuna vipokezi, protini zinazofanya kazi mithili ya kufuli. Kipokezi kikuu huitwa MC1R na homoni hiyo ndiyo ufunguo wake. Wanasayansi walitambua jeni ya kipokezi hicho mwaka wa 1992.

Homoni ikishanasa, kipokezi hupeleka habari ndani ya seli na jeni zinazohusika na rangi huamshwa. Kimeng'enya kiitwacho tairosinesi huongezeka na kuanza kutengeneza melanini nyeusi. Kisha rangi hiyo husambazwa kwa seli za jirani, ambako hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Ndiyo maana mtu aliyeshinda juani huwa mweusi zaidi baada ya siku kadhaa.

Kipokezi kikiwa na hitilafu, seli hutengeneza zaidi melanini ya rangi nyekundu na njano, ambayo ni kinga hafifu. Mwaka wa 1995, watafiti walionyesha kuwa hitilafu za aina hiyo zinahusiana na nywele nyekundu na ngozi nyeupe inayoungua upesi miongoni mwa watu wa Ulaya. Kinyume chake, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 ulibaini kuwa miongoni mwa Waafrika kipokezi hicho hakijabadilika. Katika jua la bara hili, kasoro hiyo ingemgharimu mtu.

MC1R si mwamuzi wa pekee. Mwaka wa 2017, watafiti walioongozwa na Profesa Sarah Tishkoff wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walitambua jeni nyingine kadhaa zinazochangia rangi ya ngozi, miongoni mwao OCA2.

Jeni hiyo ndiyo chanzo kikuu cha ualbino katika eneo hili. Mtu mwenye ualbino ana melanositi kama wengine na amri hufika, ila kiwanda hakina uwezo wa kuitekeleza ipasavyo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwa anayeishi mahali kama Garsen, kukosa mwavuli huo kunamweka katika hatari ya kupata saratani ya ngozi angali kijana.

Wapo pia wanaojivua kinga hiyo kwa hiari. Krimu za kujichubua zenye hidrokwinoni au zebaki huzuia tairosinesi kufanya kazi. Kipokezi huendelea kutoa amri, lakini melanini haitengenezwi. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo, na matumizi ya muda mrefu ya hidrokwinoni yaweza kuacha madoa meusi yasiyofutika. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hizo.

Wataalamu wanashauri wenye ualbino wavae kofia pana na nguo za mikono mirefu, wajipake losheni ya kukinga jua, na waepuke jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa majuma kadhaa kionwe na daktari mapema. Aliyejaliwa melanini ya kutosha naye hana sababu ya kuiondoa: ni ngao aliyopewa bila malipo.