Msumeno na Masikio

Zamani katika bonde la Kilombero mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo la mvule liliwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake chini, msumeno ukipanda na kushuka baina yao. Yule wa chini alikula unga wa mbao kutwa nzima, lakini waliweza kuzungumza.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Ifakara. Mwaka 1992 ikaanzishwa kampuni ya misaji, Kilombero Valley Teak Company. Karakana nazo zikapata misumeno ya umeme. Msumeno wa duara hufikia desibeli 100 kwa urahisi. Kwa desibeli 85 mtu aweza kufanya kazi saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda hupungua nusu. Kwa 100 zimebaki dakika 15 tu!

Madhara haya si mageni: Ramazzini, tabibu wa Italia, aliandika juu ya uziwi wa wafua shaba mwaka 1713. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ila seremala wa chini ya mwembe nani atamfikia? Baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani, sasa maseremala, hunipa shikamoo kwa kupiga kelele, wakidhani kiziwi ni mimi.

Kinga huanzia kwenye mashine yenyewe: meno yanolewe, ubao ukazwe usitetemeke, mashine itengwe na wasiohusika. Hapo ndipo vifuate vifunika masikio, wala si pamba, ambayo huzuia sauti kidogo mno.