Meli Kwanza, Mvukaji Baadaye: Historia ya Kivuko cha Likoni

Meli ya makontena inapoingia bandari ya Kilindini, feri za Likoni husimama. Manahodha huzishikilia gatini mpaka ile meli ipite, na huku juu, kwenye banda la kusubiria, watu huzidi kurundikana: wauguzi wanaoingia zamu, vibarua wa bandarini, wanafunzi, akina mama wenye vikapu vya mboga, wasukuma mikokoteni ya mitungi ya maji. Mlango wa bahari kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa una upana wa nusu kilomita hivi. Ukiwa Likoni unamwona vizuri mtu aliyesimama upande wa kisiwani, lakini kumfikia kunaweza kukuchukua saa nzima.

Kwa hesabu ambayo serikali imekuwa ikiitaja miaka yote hii, watu wapatao 300,000 na magari zaidi ya 6,000 huvuka hapa kila siku. Walio wengi ni watu wa miguu, na mtu wa miguu halipi hata senti. Ndiye mteja mkubwa kuliko wote katika kivuko hiki, na historia yake inaonyesha kwamba ndiye aliyefikiriwa mwisho.

Kisiwa cha Mombasa kilipata njia zake upande mmoja baada ya mwingine. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilibidi kwanza ivuke maji ya Makupa ili kufika bara, na baadaye gari nazo zikapata njia papo hapo. Upande wa kaskazini, mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, la kupita kwa kulipa. Lilidumu karibu nusu karne, hadi daraja la zege lililojengwa kwa msaada wa Japani lilipofunguliwa mwaka 1980. Upande wa kusini, ambako barabara inashuka Diani na Lunga Lunga hadi Tanga, ilikuja feri mwaka 1937. Huko hakukujengwa daraja lolote.

Sababu inaonekana ukitazama majini. Gati za kwanza za maji marefu za Kilindini zilikamilika mwaka 1926, na meli zote zinazozifikia hupita hapa Likoni. Daraja la chini lingeufunga mlango wa bandari, na bandari hiyo ndiyo inayolisha Kenya, pamoja na Uganda na nchi nyingine zisizo na bahari. Daraja la juu, lenye nafasi ya kupitisha milingoti, lilihitaji fedha ambazo hakuna serikali iliyokuwa tayari kuzitoa. Basi watu wa kusini wakaachiwa feri, na mji ukaendelea kukua kana kwamba feri inatosha. Likoni ikajaa nyumba kwa sababu kodi ni nafuu na kazi ziko ng'ambo. Hoteli za Diani zikaongezeka. Kila aliyehamia kusini aliongeza uzito kwenye njia ileile moja.

Feri si daraja linaloelea tu, kama wanavyodhani wasioitumia kila siku. Inafuata maji. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, mteremko wa kuingilia huwa mkali, bamba la chuma la mlangoni hukwaruza zege kwa kelele za kuumiza masikio, na malori mazito huambiwa yasubiri maji yajae. Injini nazo zinataka kutunzwa, na kila feri lazima ipandishwe chelezoni kwa zamu. Feri moja ikitoka kazini, msongamano unahisiwa siku hiyohiyo.

Msongamano huo umeua. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, wakazi wa Mtongwe, mtaa jirani wenye kivuko chake, waliokuwa wakiwahi kazini walijaa kwenye MV Mtongwe kupita kiasi kilichoruhusiwa. Feri ikapinduka karibu kabisa na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Mtu akisimama pale ufukweni akapima kwa macho umbali uliobaki, ni vigumu kukubali kwamba watu wengi hivyo walipotea mahali ambapo mwogeleaji wa kawaida angefika salama. Lakini wengi hawakujua kuogelea, na umati uliokuwa umebanana ulianguka pamoja. Baada ya msiba huo huduma ya Mtongwe ikawa ya kusuasua, mara ipo, mara haipo, hadi ilipofufuliwa mwaka 2017. Miaka yote hiyo watu wa Mtongwe walilazimika kuzungukia Likoni. Kosa la msongamano lilijibiwa kwa kuongeza msongamano mahali pengine.

Njia moja pia ni rahisi kushikwa. Mwezi Agosti 1997 washambuliaji walivamia usiku kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kivukoni, wakaua askari, wakapora bunduki. Ghasia za siasa zilizofuata zilizifukuza familia nyingi za watu wa bara kutoka Likoni, na watalii wakaikimbia pwani ya kusini. Mwezi Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, maelfu ya watu waliokuwa wakikimbilia makwao walizuiwa palepale kivukoni, wakapigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Hawakuwa wamevunja amri kwa kiburi. Hapakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani.

Kati ya matukio hayo mawili, jioni ya Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa ndani ya MV Harambee lilirudi nyuma na kutumbukia katikati ya mlango wa bahari. Ndani walikuwamo mama na mtoto wake. Gari lilikuja kuopolewa karibu wiki mbili baadaye, kutoka kina cha mita zaidi ya hamsini, huku nchi nzima ikifuatilia wapiga mbizi wakishuka na kupanda. Harambee ilikuwa feri ya mwaka 1990, na wavukaji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu hali ya feri za zamani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kwa kasi. Mwishoni mwa mwaka 2020 likafunguliwa daraja la Liwatoni la watu wa miguu, lenye sehemu inayofunguka kupisha meli. Likaelea, kama lile la Nyali lililozinduliwa miaka 89 kabla. Magari nayo yakapata barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kwa nyuma ya bandari kupitia madaraja ya Mwache na Mteza: sehemu yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 2018, na kufikia mwaka 2024 ikawa imeunganishwa na kusini. Tena kuna mpango, unaogharamiwa kwa mkopo wa Japani, wa daraja kubwa la nyaya lenye nafasi ya mita 69 hivi kati ya bahari na barabara, ili meli zipite chini bila kumsimamisha mtu.

Nalitamani daraja hilo, ila nina hofu nalo. Mtu mwenye mzigo kichwani hatapanda kimo hicho kwa miguu na kushuka ng'ambo kila asubuhi. Atarudi kwenye feri. Na feri zimekuwa zikitegemea nauli za magari kumvusha bure mtu wa miguu. Malori yamekwisha kuanza kuhamia Dongo Kundu, na daraja likikamilika magari madogo nayo yatahama. Serikali lazima iandike sasa, kwenye bajeti na si kwenye hotuba, nani atalipia mafuta, wahandisi na chelezo siku ambayo feri zitabaki na abiria wasiolipa peke yao.