Ubao Usomwao kwa Kidole

Asimamaye Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, huitazama Katanga ng'ambo ya maji. Kusini yake, huko Mwansabombwe, ndiko makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda waliotoka magharibi katika karne ya 18. Masimulizi ya Walunda humtaja Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Kiluba. Na Waluba walikuwa na chombo cha kuonyeshea historia ya wafalme wao, nacho ni lukasa.

Lukasa ni ubao wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri, au kuchongwa alama. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga huku wakisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kumaanisha mfalme na watu wake. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi, na shanga za kigeni ziliingia barani kwa misafara ya biashara. Lakini gharama kubwa zaidi ilikuwa elimu, kwani aliyeruhusiwa kuusoma ubao ni yule tu aliyekwisha kupanda ngazi za chama.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, nguvu za wafalme na za Mbudye zilififia. Mbao nyingi zikaangukia mikononi mwa wageni. Mmojawapo uliingia Makumbusho ya Brooklyn, Marekani, mwaka 1976. Huko thamani yake ni uzuri na uhaba wake.

Tulinganishe na taa ya tarakimu iitwayo Nixie, iliyotolewa na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955. Ndani ya kioo chenye gesi ya neoni, tarakimu za chuma hupangwa moja nyuma ya nyingine, na ile ipatayo umeme hung'aa kwa rangi ya machungwa. Katika miaka ya 1970 ilishindwa na vyombo vya bei nafuu. Hata hivyo Dalibor Farný, fundi wa Ucheki, ameifufua kwa kazi ya mikono, na taa moja huuzwa kwa zaidi ya dola 100. Kiwanda kilitegemea wingi. Fundi huyu hutegemea wanunuzi wachache wapendao mng'ao ule.

Hapo ndipo vyombo hivi viwili vinapoachana. Taa iliyofufuliwa humwonyesha saa yeyote ajuaye tarakimu. Lukasa hata ikichongwa upya kwa ustadi, bila msomaji ni bubu. Soko hulipia mti na shanga. Halilipii miaka ya kujifunza.

Mwaka 1951 historia ya Walunda wa Luapula ilichapishwa kwa Kibemba, kwa jina la Mwata Kazembe XIV. Kitabu nacho kina sharti lile lile. Basi sisi walimu tusiridhike na kuhifadhi vyombo rafuni; kazi yetu hasa ni kulea wasomaji wake.